Kabla hujapanda kitanda cha HSG

HSG, eksirei ya mfuko wa uzazi na mirija, yenyewe haifiki nusu saa, na rangi ya kuonesha picha ikishaanza kusukumwa ni dakika chache tu. Kinachowarudisha wanawake nyumbani bila kupimwa, au kuwapa majibu yasiyoeleweka, mara nyingi kimeshatokea siku kadhaa nyuma: siku zimehesabiwa vibaya, kinga haikutumika, dawa ya maumivu imemezwa mlangoni, karatasi za upasuaji wa zamani zimeachwa kabatini. Tuliopita njia hiyo tunaijua ile hali ya kuvua nguo, kuvaa gauni la hospitali, kupanda kitandani, kisha kuambiwa "shuka mama, urudi mwezi ujao".

Kwa asiyekijua kipimo: HSG ni eksirei ya mfuko wa uzazi na mirija yake. Eksirei ya kawaida haioneshi nafasi iliyo ndani ya mfuko, kwa hiyo dawa yenye iodini, ambayo wengi wetu tunaiita rangi, hupitishwa kwenye mlango wa kizazi. Rangi hujichora kwenye skrini: kwanza umbo la ndani la mfuko, kisha mirija miwili iliyo myembamba kama uzi, na mwisho, ikiwa njia iko wazi, inamwagika tumboni na kutawanyika kama moshi. Huandikiwa zaidi wanaotafuta mtoto bila kufanikiwa. Wapo pia wanaoandikiwa kwa sababu mimba zinaharibika mara kwa mara.

Siku ya kwanza ni ipi?

Hapa ndipo panapoharibika mambo kuliko kwingine kote.

Siku ya kwanza ni ile damu nyekundu inapokuja kwa wingi wa kuhitaji pedi. Madoa ya kahawia ya siku moja au mbili kabla ya hapo hayahesabiwi. Kipimo kinatakiwa kifanyike damu ikishakauka na yai likiwa bado halijatoka, na kwa mwenye mzunguko wa siku 28 hiyo ni siku ya 7 hadi ya 10 hivi.

Chukua mwanamke wa namna hiyo. Madoa yameanza Jumamosi tarehe 1, damu yenyewe imekuja Jumatatu tarehe 3 na kukauka Jumamosi tarehe 8. Kituo anachokwenda hufanya HSG siku za Ijumaa tu. Anapiga simu kuomba nafasi:

"Dada, siku zako zimeanza lini?"

"Tarehe 1."

"Haya, njoo Ijumaa tarehe 7."

Ijumaa anafika na damu bado inatoka. Anarudishwa. Ijumaa inayofuata ni tarehe 14, ambayo kwake ni siku ya 12. Yai liko karibu kutoka na daktari makini hatakubali. Mwezi mzima umekwenda. Siku zake halisi zilikuwa tarehe 9 hadi 12, Jumapili hadi Jumatano, na hakuna Ijumaa hata moja kati ya hizo. Kilichohitajika ni swali moja kwenye simu, "hiyo tarehe 1 ilikuwa damu au madoa?", na jina la kituo cha pili kinachopima siku nyingine. Kwa hiyo kabla hedhi haijaja, ulizia vituo viwili: wanapima siku zipi, na unatakiwa kupiga simu siku ya ngapi. Damu ikija, piga siku hiyohiyo. Usisubiri ikauke ndipo uanze kutafuta nafasi.

Kwa nini isiwe na damu? Mabonge ya damu yakibaki ndani huonekana kwenye picha kama kivimbe, na unaweza kutoka na majibu ya polipu, yaani kinyama kinachoota ndani ya mfuko, usiyo nayo. Tena ukuta wa mfuko ukiwa bado unavuja, rangi hupenya kwa urahisi kwenye mishipa ya damu. Na kwa nini isiwe baada ya yai kutoka? Kwanza, unaweza kuwa umeshashika mimba. Pili, ukuta wa ndani wakati huo ni mnene na laini, hufanya mikunjo inayodanganya picha na unaweza hata kufunika matundu ya mirija.

Mwenye mzunguko mfupi ahesabu kivyake. Ukiwa na siku 24, yai hutoka karibu na siku ya 10, kwa hiyo nafasi yako ni siku moja au mbili tu mara damu inapokauka. Wenye mizunguko isiyotabirika, wanaokaa miezi miwili mitatu bila kuona kitu, wasikae wakikisia. Daktari akishahakikisha hakuna mimba, anaweza kukupa vidonge vya homoni vya siku kadhaa. Ukiviacha, damu huja ndani ya siku chache na hesabu inaanzia hapo.

Kinga, na hedhi iliyokuja kiajabu

Tangu damu ilipoanza mpaka siku ya kipimo, tendo la ndoa lisimame. Baadhi ya vituo vinakubali kondomu iliyotumika kila mara. Vingi vinataka msimame kabisa. Mume au mwenza aelezwe sababu mapema, kwa maneno mepesi, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukwama: mtu anaona siku nne za baada ya hedhi "hazina hatari", halafu mezani anaulizwa na anaona haya kusema kweli.

Usiseme uongo kwenye swali hilo. Kipimo cha mimba cha mkojo watakupima, lakini mimba ya siku chache hakiioni. Kikionesha hasi asubuhi ile, hakifuti kilichotokea juzi usiku. Kuahirisha mwezi mmoja kunauma, ila rangi na mionzi kwenye mimba changa ni jambo jingine kabisa.

Na kuna hili ambalo halisemwi vya kutosha: hedhi iliyokuja nyepesi kuliko kawaida yako, au iliyochelewa kisha ikaja kwa matone, itaje. Damu ya namna hiyo inaweza isiwe hedhi. Inaweza kuwa mimba inayotaka kutoka, au iliyotunga kwenye mrija.

Uchafu usipelekwe juu

Rangi inatoka ukeni kwenda mpaka tumboni. Kama kuna vijidudu njiani, itavibeba. Klamidia hasa ni ya kuogopwa, kwani mwanamke anaweza kukaa nayo muda mrefu bila dalili yoyote. Omba kupimwa klamidia na kisonono wiki kadhaa kabla, ili ikikutwa kuwe na muda wa kutibiwa ninyi wawili. Kumtibu mmoja ni kazi bure, ataambukizwa tena na mwenzake. Ukiwa na uchafu wenye harufu, maumivu ya chini ya kitovu au homa wiki hiyo, kipimo kisubiri.

Aliyewahi kuambiwa ana PID, yaani maambukizi ya mfuko wa uzazi na mirija, au aliyepasukiwa na kidole tumbo, au aliyefanyiwa upasuaji wa mirija, aseme siku ya kuandikiwa kipimo. Daktari anaweza kumpa antibayotiki ya kinga. Na kama wakati wa kipimo mirija itaonekana imevimba na kujaa maji, dawa inayotumika sana ni doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 5. Kumeza vidonge vitatu vilivyobaki vya ugonjwa mwingine "ili kujikinga" hakusaidii chochote. Dozi pungufu inaficha maambukizi bila kuyaua.

Siku mbili za mwisho usijisafishe ndani ya uke, usiweke vidonge wala krimu huko. Kunyoa si lazima. Oga kama kawaida, basi.

Pesa na karatasi

Ukiuliza "HSG ni kiasi gani" utatajiwa bei ya picha. Uliza swali refu zaidi: bei hiyo ina rangi ndani yake? Ina mpira wa kupitishia rangi, kipimo cha mimba, dawa ya maumivu, na malipo ya daktari anayesoma picha? Kuna mahali kila kimoja kinalipiwa dirisha lake, na mahali pengine unapewa karatasi ukanunue rangi mwenyewe. Wenye bima waulize kama kipimo kinahitaji kibali kabla, kwa sababu kibali kinaweza kuchukua siku nyingi kuliko hizo nne ulizo nazo. Kiombwe kabla hedhi haijaja.

Beba majibu ya altrasaundi ya karibuni, majibu ya klamidia, na maelezo ya chochote kilichowahi kufanyika kwenye kizazi: kusafishwa baada ya mimba kuharibika, kuondolewa fibroidi, upasuaji wa kujifungua. Msomaji wa picha akiona kovu bila kujua historia anaandika kwa kubahatisha.

Ukifika, taja mzio. Kinachotafutwa ni kama uliwahi kudhurika na dawa ya kuonesha picha, iwe kwa CT scan au kipimo kingine, au una pumu kali. Mzio wa samaki na kamba wengi huutaja kwa woga. Huo si mzio wa iodini na peke yake hauzuii kipimo. Mwenye ugonjwa wa tezi ya thairoidi lazima aseme, hasa ikitumika rangi ya mafuta, maana iodini yake hukaa mwilini muda mrefu.

Hiyo rangi ya mafuta ina habari yake. Mwaka 2017 Waholanzi walichapisha utafiti wa wanawake 1,119 waliofanyiwa HSG: nusu kwa rangi ya mafuta, nusu kwa rangi ya maji. Ndani ya miezi 6, waliopata mimba iliyoendelea walikuwa asilimia 39.7 kwa mafuta na 29.1 kwa maji. Si kila kituo kina aina zote mbili na si kila mtu anafaa kwa mafuta, lakini swali la "mnatumia rangi gani?" halina ubaya.

Asubuhi yenyewe

Kula. Watu wanafunga bure. HSG ya kawaida haina dawa ya usingizi, na mwenye njaa ndiye anayezimia kwa urahisi. Ukiambiwa utalazwa usingizi, hiyo ni habari nyingine: chakula kisimame saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, au kama watakavyokuelekeza.

Dawa ya maumivu inywe saa moja kabla ya kupanda kitandani. Ibuprofen miligramu 400 pamoja na chakula inafaa kwa wengi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo asiiguse. Anywe paracetamol gramu 1, yaani vidonge viwili vya 500. Kosa la kila siku ni kunywa ukiwa kwenye benchi, jina lako likiwa la pili. Dawa inaanza kazi wewe ukiwa kwenye daladala kurudi. Foleni ikiwa haitabiriki, muulize nesi wa zamu ni watu wangapi wako mbele na kila mmoja anachukua muda gani, ndipo umeze.

Vaa gauni au sketi pana, beba pedi mbili na chupi ya kubadilisha. Uwe na mtu wa kukusindikiza. Kojoa kabla hujaingia. Kibofu kilichojaa ni cha altrasaundi ya juu ya tumbo, huku kinaongeza maumivu tu.

Ndani

Utalala chali, magoti yamekunjwa na kuachana. Kinaingizwa kile chombo chenye umbo la mdomo wa bata. Ni baridi, kinasukuma, hakichomi. Mlango wa kizazi unasafishwa kwa dawa, wakati mwingine unashikwa kwa koleo ndogo, na hapo utahisi kama umefinywa. Kisha mpira mwembamba unapita. Baadhi ya mipira ina puto dogo nchani linalojazwa ili rangi isirudi nje. Puto likijaa ndipo maumivu ya kwanza ya kweli yanapokuja, kama ya hedhi ya siku ya kwanza. Chombo cha bata hutolewa, mashine inasogezwa juu ya tumbo.

Rangi yenyewe ni kidogo, mara nyingi haizidi mililita 10. Jambo moja la kuzingatia kabla hujaanza: hakikisha mtoa huduma ametoa hewa kwenye mpira. Huwezi kumfundisha kazi yake, lakini ujue kwamba povu la hewa likiingia huonekana kwenye picha kama kitu cha mviringo, na msomaji anaweza kuliita polipu. Povu huhama ukigeuzwa ubavu, polipu haihami.

Sasa sehemu ya kushika sana. Misuli iliyo pembeni mwa mfuko, pale mrija unapoanzia, inaweza kukaza kwa maumivu au kwa rangi kusukumwa haraka. Ikikaza, rangi haipiti, na picha inaonesha mrija "umeziba mwanzoni" wakati mrija ni mzima. Ndiyo maana dawa ya maumivu si anasa. Ndiyo maana pia una haki ya kusema, "Daktari, naomba usukume polepole." Kusukuma taratibu, kusimama kidogo, kukugeuza ubavu, au kukupa hayosini ya kulegeza misuli huweza kuufungua mrija ulioonekana umeziba. Wewe upande wako pumua kwa mdomo, pumzi ndefu ya kutoa, na uachie makalio yalegee kitandani. Ukibana mapaja unabana kila kitu.

Maumivu makali kabisa ni ya sekunde hadi dakika moja mbili, rangi inapojaza mfuko. Mirija iliyoziba huuma zaidi kwa kuwa rangi haina pa kwenda. Wengine hawahisi zaidi ya tumbo kukaza. Wengine wanalia, na si udhaifu. Ikizidi, sema "simama". Kipimo kinaweza kusimamishwa na kuendelea, au kuachwa kabisa.

Usinyanyuke ghafla. Mlango wa kizazi ukiguswa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Masikio yanavuma, jasho jembamba linatoka, macho yanaingia giza. Lala dakika kumi, kaa kidogo, ndipo usimame.

Baada ya hapo

Majimaji yanayonata yatatoka, ni rangi inayorudi, pamoja na damu kidogo ya siku moja hadi mbili. Tumia pedi, si tamponi. Tendo la ndoa lisubiri siku moja au mbili kadiri walivyokuambia.

Usilale na homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua baada ya siku ya kwanza, uchafu wenye harufu mbaya, au damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Rudi hospitali siku hiyohiyo na uwaambie lini ulifanyiwa HSG. Maambukizi baada ya kipimo hiki hayatokei kwa wengi, ila yakitokea na kucheleweshwa yanaweza kuziba mirija iliyokuwa wazi.

Karatasi ya majibu

Picha zinatoka papo hapo, maelezo ya maandishi huweza kuchukua siku. Ukisoma "rangi imemwagika pande zote mbili", mirija inapitisha. Haina maana kwamba kila kitu ni sawa: HSG haioni mayai, haioni endometriosisi (tishu kama ya ukuta wa ndani wa mfuko inapoota nje yake), haioni mishikamano mingi iliyo nje ya mirija.

"Umeziba mwanzoni" usiipokee kama hukumu. Kukaza kwa misuli au ute mzito hutoa picha ileile, kwa hiyo kabla ya kukubali upasuaji uliza kama kipimo kirudiwe au kithibitishwe kwa njia nyingine, kama laparoskopi yenye rangi, yaani kamera inayoingizwa tumboni kupitia tundu dogo. "Umeziba mwishoni na kujaa maji" ni nzito zaidi, kwa kuwa uvimbe wenyewe unaonekana. Anayefikiria kupandikizwa mimba aulize kuhusu mrija huo kwanza, maana maji yake hupunguza uwezekano wa mimba kushika.

Ukiambiwa mfuko una "pembe mbili" au "ukuta katikati", ujue HSG inaona ndani tu. Haioni mgongo wa mfuko kwa nje, na tofauti ya hali hizo mbili iko hukohuko nje. Ukuta huweza kukatwa kwa kamera. Mfuko wa pembe mbili ni habari tofauti. Altrasaundi ya pande tatu au MRI ndiyo inayoamua.

Kivimbe au kovu likionekana, hatua inayofuata huwa ni histeroskopi, kamera nyembamba inayopita kwenye mlango wa kizazi huku mfuko ukijazwa maji ya chumvi. Maandalizi yake yanafanana sana na haya: damu ikauke, kusiwe na mimba, dawa ya maumivu saa moja kabla. Cha kuuliza zaidi ni kama ni ya kutazama tu au wakiona polipu wataitoa hapohapo, kwani hilo linabadilisha aina ya ganzi, malipo na muda wa kupumzika.

Mume naye apimwe mbegu kabla hujapanda kitanda, si baada. Ni kipimo chepesi, anatakiwa akae siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, na siku mnazokaa mbali mkisubiri HSG zinatosha kabisa.

Ukitoka, usiondoke na karatasi ya maelezo peke yake. Omba picha zote kwenye CD au filamu, zenye jina lako na tarehe. Daktari wa pili utakayemwona atataka kuziangalia mwenyewe. Akikosa, atakuandikia HSG nyingine.